Nani Asiinywe

Mimi ni mtu wa kusoma karatasi. Ndani ya kila paketi ya dawa kuna karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo, na watu wengi huitupa kabla hata hawajafika kwenye vidonge. Mimi huikunjua nikaisoma mpaka jina la kiwanda. Nilisomea stashahada ya ufamasia, na mwaka 2012, nilipopangiwa kazi Lodwar, nilikwenda na tabia hiyo, sanduku moja la nguo, na feni iliyogoma kuzunguka siku ya tatu.

Kwetu ni upande wa magharibi, mahali ambapo ukitupa mbegu ya papai nyuma ya jiko, baada ya muda una mpapai. Basi la kutoka Kitale lilipoanza kushuka kuelekea kwenye joto lile, nilitazama nje nikaona mawe, mchanga na miti yenye miiba mingi kuliko majani. Nikajiambia kwamba huku hakuna jani la kumfaa mtu. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye cheti.

Lodwar nilijulikana upesi kwa ukali. Wenyeji walituita sisi wageni watu wa kutoka Kenya, kana kwamba wao wako nchi nyingine, na kati ya sisi watu wa Kenya alikuwapo mama mmoja wa kanisani kwetu aliyeuza virutubisho vya makopo. Vidonge vyake viliongeza damu, viliongeza akili na kupunguza kitambi, vyote katika kopo moja. Jumapili moja alinifuata nje baada ya ibada. Nikamwomba karatasi. Akashangaa, karatasi gani? Nikamwambia, karatasi ya kusema ndani mna nini, kiasi gani, na nani asiinywe. Akacheka, akasema hii ni ya asili, mwanangu, haina madhara. Nikamwambia sumu ya nyoka pia ni ya asili. Sikupendwa sana pale kanisani, na kusema kweli sikujali.

Sasa niseme lile ambalo huyo mama hakulijua. Nyumbani kwangu, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na kopo la kakao lisilokuwa na kakao. Ndani mlikuwa na unga wa rangi ya udongo aliousaga mama yangu mzazi. Ni dawa ya wajawazito. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemfundisha mama kuitengeneza, na ukoo mzima wa baba uliiapia. Kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, ndani ya maziwa ya uvuguvugu, tangu siku mwanamke anapojijua. Mama alikuwa amezaa sita, na alisema ni kwa sababu ya dawa hiyo hakupoteza hata mmoja.

Mimi nilikuwa nimepoteza mmoja kabla ya kuja Lodwar, mimba ya miezi mitatu. Niliinywa dawa hiyo siku zote. Mwaka huohuo wa 2012 nikapata mimba ya pili. Mama akatuma kopo kwa basi, nikalipokea stendi likiwa limefungwa kwa gazeti na kamba ya mkonge, nikanywa bila kukosa. Mwezi wa tatu mimba ikaharibika tena. Mume wangu, mwalimu, alikuwa Kitale akifundisha. Nililala peke yangu kwenye kitanda cha hospitali nikihesabu mabati ya paa. Mama alipopiga simu alilia mpaka nikawa mimi ndiye ninayembembeleza, kisha akapangusa sauti yake akasema, "Safari ijayo tutaongeza kijiko."

Nisingemeza kidonge kisicho na jina hata kama ningeletewa na waziri. Lakini kopo la mama sikuwahi kuliuliza swali. Mimba nyingi huharibika bila mtu kujua kwa nini. Hilo nilifundishwa, nililiamini, na nililitumia kujituliza.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 nikahamishiwa Kakuma, kwenye zahanati iliyokuwa pembezoni mwa kambi, ikihudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Kwenye dirisha langu la dawa nilisikia lugha nyingi kwa asubuhi moja kuliko nilizowahi kusikia maishani. Kiswahili cha Wakongomani kilinifanya nijione sijui Kiswahili. Wasomali, watu wa Sudan Kusini na Kiarabu chao cha Juba, vijana na Sheng yao ya kujifunzia kwenye simu, wote walipanga foleni moja, na mimi niliyezoea kugomba kwa lugha mbili nikawa ninagomba kwa vidole.

Pale ndipo nilipoanza kunyamazishwa. Wajawazito nilikuwa nikiwapa vidonge vya kuongeza damu na kuwaambia, kama nilivyofundishwa, wameze na juisi ya chungwa, kwa sababu uchachu husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chungwa Kakuma! Siku moja mama mmoja wa Sudan Kusini alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kwenye mkoba wake chupa ya maji ya rangi ya chai. Ardeb, akasema. Nikaonja: ukwaju. Kwao mjamzito aliyepauka hunyweshwa ukwaju, na hakuna aliyewahi kuwaambia habari za chuma. Vidonge vyangu alivimeza na ukwaju wake palepale dirishani, akanirudishia kikombe, akaenda zake. Nilibaki nimekishika kikombe foleni ikinisubiri.

Lakini aliyenivunja kiburi hasa ni mfanya usafi wetu. Alikuwa mwanamke wa Kiturukana wa makamo, mrefu, mwenye shanga zilizofunika shingo yote, na tumbaku ya kutafuna aliyoihifadhi nyuma ya sikio kama fundi anavyoweka penseli. Wagonjwa wenyeji walipotoka dirishani kwangu walipitia kwake, pale penye bomba, wakanong'ona naye. Mwanzoni niliona wivu. Halafu nikaanza kusikiliza. Kitu cha kwanza alichomwuliza mgonjwa hakikuwa ugonjwa wake. Aliuliza, una mimba? Unanyonyesha? Umekula leo? Nani mwingine nyumbani atakunywa kwa hicho kikombe? Akisharidhika, ndipo alipouliza kinachouma.

Yale yalikuwa maneno ya karatasi yangu, sehemu ile ambayo hata waganga wa hospitali huiruka.

Mwezi wa nne nikajijua nina mimba ya tatu. Nilimwambia mume wangu na mama tu. Baada ya wiki moja kopo likafika, zito kuliko yale ya kwanza, maana kijiko kilikuwa kimeongezwa. Siku hiyohiyo, saa nane mchana, nilikuwa chumba cha dawa nikikoroga kijiko cha kwanza kwenye maziwa. Mfanya usafi alikuwa akipiga deki. Akasimama, mopu mkononi, akanusa.

"Daktari, hii unakunywa ni nini?"

Nilikuwa nimemwambia mara nyingi mimi si daktari, lakini hakukubali.

"Ni dawa ya mama yangu."

"Ya nini?"

Nikasita. Akaniangalia, wala hakuniangalia tumboni.

"Uko na mimba," akasema. "Zamani ulikuwa unakasirika asubuhi. Siku hizi unakasirika mchana."

Akaomba kuonja. Nilimpa kopo kwa shingo upande, nikitarajia ajaze mdomo kama mtu anayeonja sukari. Badala yake alitoka nje akasukutua mara tatu. Akavunja kijiti cha mswaki alichokuwa nacho, akapigia ulimi na meno, akasukutua tena. Kisha akakaa tu kwenye kizingiti, mdomo wazi kidogo, akisubiri ulimi wake urudi kuwa mtupu. Nilikuwa nimekwisha kuwaona wapimaji wa maabara wakiosha vyombo vyao kwa haraka kuliko hivyo.

Akachovya kidole, akaweka unga kidogo kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Akatema. Akaweka upande wa kulia, akatema. Upande wa kushoto.

"Kuna ganda ya mti," akasema. "Inakausha mdomo. Ni kama ewoi, lakini si ewoi. Ni ndugu yake." Ewoi ni ule mgunga wa miiba mirefu uliokuwa kila mahali pale. "Kuna mzizi, iko na harufu ya tangawizi lakini si tangawizi. Kuna vitu ingine mbili, hizo ni za kwenu, mi sizijui." Akanyamaza. Nikadhani amemaliza. Akainua kidole kuniambia ningoje, na tulingoja, yeye akiwa bado amefumba macho, mpaka uso wake ukakunjamana.

"Huyu anakuja nyuma ya wengine," akasema. "Echuchuka."

Akafunika kopo akalisukuma mbali nami, na kile kikombe cha maziwa akakimwaga nje bila kuniomba ruhusa. "Mama ako na mimba haguswi na hii."

Nilikasirika, na ulikuwa mchana. Nilimwambia mama yangu amezaa watoto sita kwa dawa hiyo. Akasema sawa. Akachukua mopu yake akaendelea na deki.

Jioni nilimpigia mama simu, nikajifanya ninataka kujua tu jinsi ya kuitengeneza. Akafurahi. Akanitajia: ganda la mti fulani wa miiba unaomea kando ya mto kwetu, mzizi ambao wanawake hutia kwenye uji, majani ya aina mbili ambayo sijui majina yake kwa Kiswahili, na mwisho, kidogo tu, utomvu uliokaushwa wa mshubiri. "Ule wa nyuma ya banda la kuku," akasema. Naujua mmea huo tangu utotoni. Kuku wakipatwa na kideri tulikuwa tunawatilia majani yake kwenye maji. Na mchana huohuo nilikuwa nimeulizia pale zahanati echuchuka ni nini hasa, nikaambiwa ni mshubiri mwitu. Vitu vitano, ulimi wa mtu ambaye hajawahi kufika kwetu, na hakukosea hata kimoja. Nilisimama uani na simu mkononi, na vinyweleo vilinisimama kweli.

Kesho yake nikafungua kile kitabu kikubwa cha dawa tulichokuwa nacho zahanati. Nilikuwa nimekifungua mara mia na sikuwahi kufika kwenye ukurasa huo. Shubiri, kikasema, ni ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda la jani. Huendesha tumbo kwa nguvu. Wajawazito waepuke. Nikatafuta ushahidi, kwa maana ndiyo kazi yangu, na nikakuta ni mwembamba. Kuna hofu kwamba tumbo likikazwa hivyo na mji wa mimba nao hukaza, lakini kwa binadamu hakuna aliyepima sawasawa. Ningependa nani apime? Mtu hawezi kuwagawa wajawazito mafungu mawili, fungu moja likapewa shubiri, kisha akakaa na kalamu kungoja.

Nikamfuata mfanya usafi penye bomba nikamwuliza nyinyi mmejuaje.

"Jumamosi twende Lopur," akasema.

Jumamosi gari la zahanati lilikuwa likipeleka chanjo huko, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Watoto walipokwisha kuchomwa sindano, akanichukua kwa miguu kuelekea kwenye kilima kidogo cha mawe. Njiani kila kitu nilichokiona kichaka yeye alikiona kwa jina. Huu ni esekon, mti wa mswaki, na hilo nililijua, hata vitabu vyangu vinakubali kwamba kijiti hicho huua vijidudu vya meno. Huu ni edapal, matunda yake hulisha watoto wakati wa njaa. Niliona aibu kukumbuka lile basi la kutoka Kitale.

Juu ya kilima, katikati ya mawe, ndimo ilimokuwamo mishubiri, majani yake yamejikunja kwa ukame. Akakata jani moja. Akaliegemeza juu ya jiwe, mahali lilipokatwa pakitazama chini, na sisi tukakaa kungoja. Ukadondoka utomvu wa njano, tone baada ya tone, ukanuka uchungu hata kabla ya kuuonja. Ulipokoma kabisa, akapasua jani, akaniachia mkononi ute mweupe, baridi, usio na uchungu.

"Hii nyeupe ni ya mtoto ameungua moto," akasema. "Hii njano ni ya tumbo imefungwa, na ni ya mwanaume, ama mama mzee. Ukichanganya, umeharibu."

Kwenye kitabu changu tofauti hiyo kati ya njano na nyeupe inaelezwa kwa aya mbili na michoro. Yeye aliieleza kwa kuegemeza jani kwenye jiwe. Nilikaa pale na ule ute kiganjani nikashindwa kuinuka. Sijui kuna sala gani ya kusali mtu anapoonyeshwa kitu kama hicho, lakini kama ipo, niliisali.

Kisha akanijibu swali langu. Alipokuwa msichana kulikuwa na ukame mkali. Mama yake alikuwa na mbuzi upande huu wa laga, ule mto mkavu, na mke mwenzake alikuwa na mbuzi upande wa pili. Majani yalipokwisha kote, mbuzi wa mama yake walipanda kilimani wakala echuchuka. Upande wa pili hakukuwa na kilima. Mbuzi wa kilimani walitupa mimba, karibu wote. Wale wa ng'ambo, waliokonda vilevile, walizaa watoto wembamba lakini hai.

Nilimkatiza. Darasani tulifundishwa kulinganisha makundi mawili yanayofanana katika kila kitu isipokuwa kimoja, na mwalimu alituchorea ubaoni kwa chaki ya rangi. Mtu huyu alikuwa amelisoma somo hilohilo, na ada yake ililipwa kwa mbuzi. Lakini ubishi haukuniisha. Nikasema, huenda ulikuwa ugonjwa, uliwapata wa upande huu tu.

"Hata sisi tulisema hivyo," akajibu. "Mwaka ingine kavu, mama akafunga njia ya kilima na miiba. Mbuzi wakazaa."

"Lakini mbuzi si mtu."

"Ndiyo. Mtu hatujajaribu." Akanitazama. "Wewe unataka kujaribu?"

Nilirudi Kakuma siku hiyo nikiwa nimekaa kimya nyuma ya gari, jambo ambalo dereva alilitaja kwa wiki nzima. Kopo nililimwaga chooni asubuhi ya Jumapili. Nilihisi kama nimemwibia mama. Niliendelea na vidonge vyangu vya kuongeza damu, na nikaanza kuvimeza na ukwaju.

Isidhaniwe kwamba mfanya usafi wetu alijua kila kitu. Watoto wenye macho mekundu alikuwa akiwatia utomvu wa mti fulani, na mimi niliona macho yakizidi kuvimba. Tuligombana. Nikampa mrija wa mafuta ya macho ajionee. Hakumpaka mtoto. Alikwenda nao nyumbani akamtafuta mwanambuzi mwenye tongotongo macho yote mawili, akatia dawa yangu jicho la kulia na dawa yake jicho la kushoto. Siku ya tatu akaja kazini, "Ejok," akanisalimu, akafungua dirisha langu la dawa kwa nje. "Jicho lako limeshinda," akasema. Tangu hapo hakuutumia tena ule utomvu, na kila mwenye ugonjwa wa macho alimleta kwangu. Nimefanya kazi na wasomi wengi tangu wakati huo. Wachache nimewaona wakikubali kushindwa kwa wepesi ule, na kila nikimkumbuka nashikwa na kitu kama woga wa heshima.

Mwezi wa tatu wa mimba ulipofika sikulala vizuri. Kila nilipokwenda msalani niliogopa kutazama. Yeye alipiga deki karibu na mlango wangu mara nyingi kuliko sakafu ilivyohitaji, na hakuniuliza kitu. Mwezi ukapita. Wa nne ukapita. Mtoto akaanza kucheza tumboni siku ya foleni ndefu, nikaacha kuhesabu vidonge katikati nikaanza upya, na nikalia mbele ya Msomali mmoja mzee aliyedhani dawa yake imekwisha.

Msichana alizaliwa mwezi wa kumi na moja, mzima, mwenye sauti. Mwezi uliofuata mama yangu akafika Kakuma kwa basi, vumbi mpaka kwenye kope, na ndizi, unga wa wimbi, na kuku mmoja aliyesafiri siku mbili akiwa amefungwa miguu. Alimpokea mjukuu wake akamgeuza huku na huku kama anayetafuta kasoro, hakuiona, akaimba.

Siku ya pili mfanya usafi alikuja kumwona mtoto. Alileta maziwa, akamnyunyizia mtoto mate kidogo kifuani kumbariki, kama wanavyofanya kwao, na mama akashtuka akanitazama. Nikamwambia ni baraka. Wanawake wawili wale walikaa pamoja nusu saa, Kiswahili chao wote wawili kikichechemea, wakacheka sana, mambo gani sijui. Mgeni alipoaga, sisi wawili tukabaki uani kivulini mwa nyumba, mtoto akinyonya.

"Umeona?" mama akasema. "Dawa yangu imefanya kazi."

Alikuwa ametoka mbali. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na mtoto alikuwa salama. Nikasema, "Ndiyo, mama. Imefanya kazi."

"Nilijua. Ni kile kijiko cha kuongeza. Sasa hata yule mke wa mdogo wako, ana mimba ya miezi miwili. Nimemwachia kopo juzi kabla ya kupanda basi."

Nilimtoa mtoto kwenye titi, akalia. Nikasema, "Mama, sikuinywa."

Akadhani hajasikia vizuri. Nikamweleza yote, vibaya, kwa kurukaruka: kopo la tatu nililimwaga, ulimi wa yule mama aliyetoka sasa hivi, mshubiri, mbuzi wa ng'ambo na mbuzi wa kilimani, kitabu. Mama alinisikiliza mikono yake ikiwa imelala mapajani. Nilipomaliza hakuwa amekasirika, na hilo liliniogopesha.

"Na wale wawili," akasema. "Hao uliwanywea?"

"Niliinywa."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijui, mama. Mimba nyingi huharibika bila sababu. Hakuna anayeweza kusema. Hata vitabu haviwezi."

Kuku alikuwa akichakura mchanga miguuni petu, akishangaa kukosa mdudu.

"Nilipokuwa na mimba yako," akasema, "bibi yako alikuwa ananiletea kikombe mpaka mlangoni, kila asubuhi na kila jioni. Harufu tu ilinitapisha. Nilikuwa mgeni pale, ningemkataliaje mama mkwe? Nilingoja ageuke, namwaga migombani." Alimtazama mtoto. "Ulipozaliwa akapiga vigelegele, akasema unaona, dawa imefanya kazi. Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini? Na wadogo zako, hivyohivyo. Wote sita. Nikawaambia majirani, nikawaambia shangazi zako, mpaka nikaanza kujiona kabisa nimekaa nakinywa. Mimi mwenyewe nikaamini. Nikakusagia wewe."

Neno langu lile la ndiyo lilikuwa halijamaliza hata robo saa tangu nilitamke.

Akanyoosha mkono akaomba simu. Nikamwonyesha pembe ya ua, pale penye mtandao, karibu na tangi la maji. Alisimama pale kwenye jua, mwanamke mfupi mwenye lesso begani, akapiga mara tatu kabla ya kupokelewa.

"Lile kopo nililokuachia," akasema, kwa sauti aliyoitumia zamani kutuita tutoke mtoni mvua inapokuja. "Lichukue ulimwage chooni. Lote." Akasikiliza. "Ndiyo, najua nilisema. Nilisema uongo." Akasikiliza tena. "Hapana, sikati simu. Nenda ukamwage, nakungoja hapahapa."